Nta Chini ya Polishi

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya karakana tupu. Meza imekwenda, jiliwa la kubania mbao limekwenda, patasi zote zimekwenda, hata msumari wa kutundikia koti ulikuwa umeng'olewa. Kwa aliyechelewa kunisoma nitaeleza kwa ufupi, maana nikirefusha nitalia, na leo sina nafasi ya kulia.

Mimi ni fundi wa kupiga polishi. Si ya viatu. Nafufua makabati ya cherehani za zamani, yale ya mbao yenye droo pembeni, ambayo ukimaliza kushona cherehani inazama ndani, unafunika, unabaki na meza. Kwa miaka kumi na mmoja mume wangu, ambaye ni seremala, alikuwa akiziba nyufa na kurudishia bawaba, mimi namalizia uso wa mbao. Mtaani wananiita Msasa, kwa sababu ya kazi yangu na kwa sababu ya ulimi wangu.

Halafu nikamwingiza shoga yangu nyumbani. Tunamwita Kicheko, kwa kuwa hucheka hata msibani. Alikuwa ameachika, hana mbele wala nyuma, nikamwambia njoo karakanani nikufundishe kazi. Nikamfundisha nusu. Nusu nyingine alijifundisha mwenyewe kwa mume wangu.

Siku walipoondoka walibeba kila kitu isipokuwa mama mkwe. Yeye alikataa katakata. "Mimi si droo," alimwambia mwanawe, "ya kuchomolewa huku na kuchomekwa kule." Akabaki nami. Wale wawili wakafungua duka ng'ambo ya barabara, mlango wao unatazamana na wangu, na juu ya mlango wakaandika: FUNDI WA POLISHI, ASILI.

Asili! Mtu ambaye mwaka juzi alikuwa akishika brashi kama mwiko.

Basi, leo naungama nilichowafanyia. Sijamwomba mtu msamaha, na ninapoandika mstari huu bado sijaamua kama nitauomba.

Ilianza na mwalimu wa ushonaji, mama wa makamo mwenye chuo chake mtaa wa pili. Tunamwita Bibi Mkuu. Wanafunzi wake wote wanashonea cherehani za zamani, makabati arobaini, yote yamepauka na kuchanika midomo. Alipita kwangu akaacha kabati moja lenye kibandiko cha namba moja. Akavuka barabara, kwao akaacha namba mbili. Kisha akarudi kwangu kunipa masharti.

"Jumamosi saa nne mniletee ukumbini," alisema. "Nitatazama kazi, sitatazama sura. Atakayenipendeza nampa yote arobaini, na ndiye atakayewafundisha wasichana wangu kutunza mbao. Asiyenipendeza, mtaa mzima utajua."

"Na wale wa ng'ambo wamekubali, Bibi?"

"Yule anayechekacheka amekubali kabla sijamaliza kusema."

Mnaelewa maana yake, wasomaji wangu? Namba mbili ikishinda, Kicheko ndiye fundi wa mtaa, na mimi ni mke aliyeachwa anayenuka spiriti. Namba moja ikishinda, lile neno Asili litashuka lenyewe pale juu ya mlango. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu duniani, nacho ni jina la kazi. Mume unaweza kupata mwingine. Nasikia wanapatikana.

Namba moja niliifanya kwa siku nne bila haraka. Siku ya nne mama mkwe alipita, akainama juu ya kifuniko, akajiona, akarekebisha kitambaa chake kichwani. Nikajua imekwisha.

Alhamisi mchana nikasikia mkokoteni unaburuzwa uani.

"Hodi!"

"Hodi ya nani?" nikajibu, na huku namwona.

"Mama watoto, ni mimi."

"Mama watoto yupo. Baba watoto ndiye aliyepotea. Umekuja kutangaza?"

Mume wangu alitazama barabarani, akatazama dirisha la mama yake, kisha akavuta blanketi lililofunika mzigo. Ilikuwa namba mbili.

Sikucheka. Nilitaka kucheka, lakini fundi ukiona mbao imeteswa unaumia kwanza. Uso mzima wa kabati ulikuwa umeota ukungu mweupe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na Kicheko alimimina polishi hewa ikiwa bado imelowa. Ukifanya hivyo unyevu unanaswa ndani, na mbao inakuwa kama kioo kilichopumuliwa.

Hilo lilikuwa dogo. Nikapitisha kidole kwenye kona ya kulia.

"Nani amepitisha mashine hapa?"

Akajifanya anakunja blanketi.

"Nakuuliza wewe. Nani ameleta msasa wa umeme kwenye kabati la cherehani?"

"Alisema inaharakisha."

"Na wewe ulikuwa wapi? Wewe seremala?"

"Mama watoto, mimi nimekuja kwa unyenyekevu."

Niwaelezeni. Haya makabati si mbao nzuri kuanzia juu hadi chini. Juu kuna ngozi tu ya mbao nzuri, nyembamba kama ganda la kitunguu, imegandishwa kwa gundi juu ya mbao ya kawaida. Unaisugua kwa mkono, taratibu, ukijua lini uache. Mashine inaila kabla hujavuta pumzi tatu. Pale kwenye kona ngozi ilikuwa imebaki kidogo sana, na mbao ya chini ilikuwa inachungulia kama kiwiko kwenye sweta kuukuu.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Nisaidie. Zimebaki siku mbili. Yeye amekwenda kusukwa, atarudi jioni, kesho anakwenda tena kumalizia. Nimemwambia kabati nalipeleka kwa rafiki yangu mwenye chumba kikavu. Nitamwambia ukungu ulikauka wenyewe."

"Ataamini?"

"Anaamini vitu vingi."

"Hata mimi niliamini vingi."

Akainamisha kichwa.

"Kwa nini nikusaidie?"

"Kwa sababu," alisema, na sauti yake ikalainika kama enzi zile, "wewe siku zote una roho nzuri."

Nawaambia ukweli, angenitukana ningemfukuza na mkokoteni wake. Kabati lake lingebaki na ukungu, Jumamosi ningeshinda kihalali, na hadithi hii ingekwishia hapa. Lakini alinisifu roho. Roho ile ile aliyoiona nzuri na akaikanyaga akipita.

"Liache," nikasema. "Uje kesho alasiri."

"Mungu atakulipa."

"Mungu tumwache nje ya hili."

Alipotoka, pazia la chumba cha mama mkwe likatikisika.

"Utamtengenezea?" akauliza mama.

"Nitamtengeneza."

"Hasira hasara, mwanangu."

"Mama, hasara nimeshapata. Hasira ndiyo iliyobaki, niache nayo."

"Yule ni mwanangu wa kuzaa."

"Najua. Na wewe ni mama yangu wa kuchagua. Kwa hiyo nenda kapumzike, usije ukawa shahidi."

Alikwenda. Lakini nilisikia anavuta kiti karibu na mlango.

Sasa lililo gumu kuliungama. Kuliponya lile kabati kihalali kulikuwa rahisi. Ukungu unautoa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, unapita juu juu, unaacha likauke, unapiga polishi mpya. Nusu siku. Kisasi changu kilinichukua siku nzima na usingizi wa mchana.

Niliitoa polishi yote ya Kicheko mpaka mbao ikabaki uchi. Ile kona ya kulia niliipita kwa kupapasa, sikuigusa na msasa hata kidogo. Kisha nikabandika kikopo jikoni, nikayeyusha nta ya nyuki, nikaipaka mbao yote ikiwa ya moto, ikanywa. Nikaisugua na kitambaa cha sufu mpaka huwezi kuiona wala kuishika. Ilibaki harufu tu, nayo nikaifukuza kwa kufungua madirisha yote.

Kila mtu wa kazi hii anajua sheria moja: polishi haikai juu ya nta. Itakudanganya siku mbili tatu, itang'aa hata kupita kawaida. Lakini ikipata joto, nta inalainika kule chini, na polishi iliyo juu haina pa kushika. Inavimba, inajikunja, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Ukumbi wa Bibi Mkuu una madirisha makubwa upande wa jua. Niliwahi kwenda kuzibua droo pale, nikakaa mpaka mchana, najua jua linaingia kuanzia saa nne na nusu. Ukaguzi ni saa nne. Nilipiga hesabu zangu vizuri. Nilitaka kabati libanduke mbele ya wanafunzi wote, Kicheko akiwa amesimama pembeni na nywele zake mpya, na mume wangu aone. Nilitaka nione uso wake akiona. Sikutaka kitu kingine chochote.

Nilikusudia kupiga ile polishi ovyo, kama anavyopiga Kicheko. Nilijiambia hivyo kabisa: Msasa, leo lipua kazi.

Mkono ulikataa.

Nilichukua kitonge changu cha pamba kilichofungwa kitambaa, nikakichovya, nikaanza. Viduara vidogo, kisha maumbo marefu ya namba nane, ukingo hadi ukingo. Nikaacha ikae. Nikarudi. Nikaona sehemu imebaki na mstari, nikajiambia iache, nikashindwa kuiacha. Mara nikajikuta naimba. Ijumaa alasiri niliposimama nyuma kuitazama, namba mbili ilikuwa nzuri kuliko namba moja. Kisasi kimenifanya niipige kazi bora kuliko zote nilizopiga maishani, na ilikuwa kazi isiyodumu siku tatu.

Mume wangu alikuja, akasimama mbele yake mdomo wazi.

"Hujawahi kupiga hivi."

"Sijawahi kuwa na sababu kama hii."

Machozi yakamlenga. Nikamsaidia kusukuma mkokoteni hadi getini, nikamwambia aende polepole kwenye mashimo.

Jumamosi nilivaa gauni langu la kutokea. Mama mkwe naye alisema anakuja.

"Kufanya nini, mama?"

"Kukaa. Kwani kukaa kuna kosa?"

Ukumbini wanafunzi walikuwa wamepanga mstari ukutani, na makabati mawili yako katikati. Kicheko alikuwa ameshafika. Nywele zimesukwa kweli, sikatai. Mume wangu alikuwa nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Shoga!" Kicheko akaita. "Za siku nyingi?"

"Nzuri. Umependeza."

"Na wewe umekonda."

"Nimepunguza mzigo."

Wasichana wawili wakaziba midomo. Bibi Mkuu akaingia, wote tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Alikuwa anatazama mbao.

Alianza na namba moja. Alipitisha kiganja chote, macho yamefumbwa. Akainama mpaka jicho likalingana na uso wa meza, akatazama mwanga unavyolala. "Mh," akasema.

Akaenda namba mbili. Kiganja. Akainama. Akakaa pale muda mrefu mpaka Kicheko akaanza kuchezea hereni. Bibi Mkuu akarudi namba moja. Akarudi tena namba mbili. Mimi macho yangu yalikuwa sakafuni. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, limebakiza kama hatua moja kuufikia mguu wa kabati, nami nikawa nalivuta kwa moyo.

"Namba mbili ni ya nani?"

"Yangu, Bibi," akasema Kicheko.

"Umepiga peke yako?"

"Kwa mkono wangu huu." Akauinua, wa kulia.

"Ajabu," akasema Bibi Mkuu. "Maana aliyepiga hii, mwanangu, ni mtu wa mkono wa shoto."

Wasichana wakanyoosha shingo.

"Wa kulia huzungusha hivi," akaonyesha kwa kidole hewani. "Wa shoto huzungusha hivi. Ukiinama unaona, mwanga unalala upande wa pili. Nimekuwa nikitazama meza za cherehani tangu sijaota meno ya utu uzima. Na namba moja nayo ni vivyo hivyo. Makabati ni mawili, mkono ni mmoja."

Mimi ni wa mkono wa shoto. Tangu utotoni nilichapwa kwa ajili hiyo, na mtaa mzima unajua. Nilikuwa nimeficha nta chini ya polishi, nikasahau kujificha mwenyewe juu yake. Lakini hata hapo nilikuwa sijaelewa hatari yake. Niliona tu kwamba Kicheko amenaswa na uongo, na nikafurahi. Naam, nilifurahi sana.

"Labda macho yangu yamezeeka," Bibi Mkuu akaendelea. Akamwashiria msichana mmoja, akaletewa kitonge cha pamba na chupa ya spiriti. "Haya. Nionyeshe mkono wako. Piga kidogo tu, hapa konani."

Kona ya kulia.

Kicheko alishika kitonge, akakikandamiza kama mtu anayefuta masizi. Kikanata. Akakivuta. Akakitazama, akageuza upande wa chini. Kisha, polepole, akakipeleka puani.

Harufu ile nilimfundisha mimi. Jikoni kwangu, kwa kipande cha mbao na mshumaa. "Shoga, ukinusa nta usithubutu kupiga polishi juu yake." Katika yote niliyomfundisha, hilo alilishika.

Akainua macho akanitazama. Nikajua anajua. Nikasubiri apige kelele. Nilikuwa tayari, wallahi. Tungeumbuka wote wawili, yeye kwa uongo na mimi kwa nta, tungetoka pale sare.

Kicheko akacheka. Akakifumbata kile kitonge ndani ya kiganja.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Nimekudanganya. Kazi hii si yangu hata kidogo. Ni ya Msasa. Kila kitu kilichopakwa juu ya mbao hii kapaka yeye, mimi sina hata tone langu."

"We mwanamke!" mume wangu akaropoka.

"Wewe nyamaza. Si ndiye wewe uliyempelekea na mkokoteni? Umeniambia chumba kikavu, nikakuamini. Sema mbele za watu."

"Ni kweli, Bibi," akasema mume wangu, akitazama viatu vyake. "Nilimpelekea mimi. Yule... yeye alikuwa ameiharibu."

Ukumbi ukalipuka. Wasichana wanapiga makofi, wengine wanazomea. Mama mkwe alipiga kigelegele, mwanawe mwenyewe akiwa anaaibika, na hakujali. Hicho ndicho nilichokuwa nakiota tangu siku ile nimekaa juu ya ndoo. Kwa kinywa chake Kicheko, mbele za watu, mchana kweupe. Nilisimama pale natabasamu, na kwa dakika moja nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote waliowahi kuachwa.

Bibi Mkuu akaja akanishika mkono. Ule wa shoto.

"Mpinzani wako amekwama," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "na wewe ukamtengenezea kazi yake ikawa bora kuliko yako mwenyewe. Watu waliokutenda vile! Mimi nimeishi miaka mingi, mwanangu. Moyo wa namna hiyo sijauona."

"Bibi, mimi..."

"Ngoja nimalize. Makabati arobaini ni yako, hilo halina mjadala. Lakini namba mbili si la chuo. Sikukwambia, wala sikuwaambia wao. Ni la marehemu mama yangu. Kwa cherehani hii alitulisha tulipokuwa sita na baba hayupo. Niliwapa kimya kimya, nione mkono usiojua thamani yake utalitendea nini."

Alitoa leso akafuta macho.

Nilifikiria ile kona ya kulia, ganda la kitunguu. Kuitoa nta lazima mbao ikwanguliwe na kusafishwa upya, na ile ngozi ilishasuguliwa na mashine, ikavuliwa polishi tena na mimi. Mara ya tatu haitavumilia. Nikiliacha linabanduka. Nikiligusa linatoboka. Nilikuwa nimekusudia kumtia adabu mwanamke mmoja, na niliyemfanyia kazi ile ni marehemu asiyenikosea kitu.

"Bibi," nikasema, "tulisogeze kidogo kivulini. Jua si zuri kwa polishi mpya."

"Kivulini? Mama alishonea dirishani maisha yake yote." Akawageukia wanafunzi. "Wasichana, libebeni, mliweke pale mwangani. Nataka nilione."

Wanne wakalinyanyua, wakaliweka katikati ya jua.

Bibi Mkuu akachomoa droo ya chini, akaipindua juu ya goti lake. Upande wa chini, kwenye mbao isiyopigwa chochote, kulikuwa na majina manne yameandikwa kwa penseli. La kwanza lilikuwa limefifia, limebaki mikwaruzo.

"Huyu ndiye aliyeliunda," akasema. "Hawa watatu walilifufua, mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa na kanuni yake. Fundi haandiki jina mpaka aambiwe na mwenye kabati, na akishaandika halifutwi. Wengi walishika kabati hili, hawa tu ndio walioambiwa." Akanitolea penseli kutoka kwenye nywele zake. "Leo nakwambia wewe."

Nikaipokea. Mkono wenyewe uliipokea.

Maneno yalikuwa mawili tu. Bibi, nta. Nikiyasema, mimi ndiye mwanamke aliyeharibu kabati la marehemu kwa wivu wa mume. Nisipoyasema, mimi ni yule yule kufikia mchana, na jina langu liko chini ya droo. Mama mkwe alikuwa amesimama, ananitazama. Uso wake haukuwa na kigelegele tena. Alikaa nyuma ya mlango siku mbili, alisikia kikopo kinachemka jikoni.

"Andika, mwanangu," akasema Bibi Mkuu. "Usione haya."

Niliinama juu ya droo. Kutoka pale niliweza kuona uso wa kabati ukiwa sawasawa na jicho langu, unang'aa kweli kweli. Kwenye kona ya kulia, pale Kicheko alipokandamiza, kulikuwa na kitu kidogo kimeinuka, kama punje ya dengu. Nilikitazama kikawa punje mbili.

Nikasikia viatu mlangoni. Nilidhani wameshaondoka. Mume wangu alikuwa anamvuta Kicheko mkono watoke, na Kicheko alikuwa ameng'ang'ania kizingiti, kitonge bado kipo kiganjani. Safari hii hakuwa anacheka.

"Andika, shoga," akaniambia, kwa upole kabisa. "Andika jina lako lote."